Mpira Niliowatupia Ndege

Jumatatu, mwisho wa Januari 1994
Kyuso, nyumbani

Leo jua limewaka tangu asubuhi kana kwamba lina kesi nami. Hakuna wingu hata la kusingiziwa. Mtama umeiva, vichwa vimeinama, na kila mtu hapa Kyuso anatembea akitazama juu. Mgeni angedhani tunaomba mvua. Mvua ilishakuja ikaenda zake. Tunaangalia kwelea, vile vindege vidogo vinavyotua shambani kwa maelfu na kulimaliza kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Bega linaniuma. Ni maumivu mazuri, nitafika huko.

Naandika nikiwa juu ya dungu la mama, kichanja cha miti kilichosimamishwa katikati ya shamba ili mtu akae juu na kufukuza ndege. Kila baada ya sentensi mbili inabidi niinue kichwa, kwa hiyo kama maneno haya yatarukaruka, walaumiwe kwelea.

Nianze na aibu, ndiyo iliyonileta hapa.

Juzi Jumamosi niligeuka kichekesho cha wilaya mbili, Kitui na Makueni. Mbele ya umati wa Kwa Vonza, mbele ya timu yangu, na mbele ya mtu mmoja aliyekuwa ametoka Nairobi kuja kuona kama naweza kulipwa kwa kucheza besiboli, nilichukua mpira wa mechi nikawatupia ndege.

Sikukosea shabaha. Niliwatupia ndege makusudi.

Kuueleza mchezo wenyewe hapa nyumbani ni kazi. Mwaka jana mzee mmoja jirani aliniuliza kama ni ule wa wasichana wa shule ya msingi, rounders. Nikamwambia ni ndugu yake, ila mpira ni mgumu kama jiwe. Akanitazama kwa huruma. Akauliza kwa nini mtu mzima mwenye ndevu achezee jiwe.

Nilianza nikiwa shule ya upili kule Kitui mjini, alipokuja mwalimu wa sayansi wa kujitolea kutoka ng'ambo na gunia lililojaa glavu na magongo. Wavulana wepesi, wenye maneno mengi, aliwaweka karibu na mpigaji, mahali ambapo mambo hutokea. Mimi, mrefu, mwembamba, wa kutoka kaskazini, akaninyooshea kidole kule mbali karibu na ua. Uwanja wa nje. Shuleni nafasi hiyo hupewa mtu ambaye timu inataka awepo lakini asiharibu.

Wenzangu waliotumwa huko walilala wakiwa wamesimama. Mmoja alikuwa akichuma zambarau. Mimi nilifika, nikasimama, nikaangalia huku na huku, na nikajisikia niko nyumbani kabisa. Lilikuwa dungu, ila halina miguu. Kazi ilikuwa ile ile: kusimama peke yako saa nzima hakuna kitu kinachotokea, halafu kinapotokea uwe macho.

Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa tangu nilipoweza kushika kombeo. Nilijua kusikiliza kabla ya kuona. Gongo likipiga mpira kwa sauti kavu nilikuwa nimeshageuka na kukimbia nyuma, huku wengine bado wanatafuta mpira angani na viganja wameviweka usoni. Mwalimu alidhani nabahatisha. Baada ya muhula mmoja aliacha kudhani hivyo.

(Ngoja. Kundi limepita upande wa mto. Halikutua.)

Baada ya shule nilipata kazi Kwa Vonza kwenye stoo ya ndengu. Nashona midomo ya magunia na kuyapandisha kwenye lori. Jioni na Jumamosi nachezea timu ya soko. Wilaya mbili hizi zina timu chache, na tunazijua zote kwa jina na kwa matusi. Nahodha wetu ni Kimanzi, fundi cherehani, mwenye cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa. Yeye hukaa nyuma ya mpigaji, kwenye besi ya mwisho, na mpira wowote muhimu unaotoka kwangu huishia mikononi mwake.

Na sasa niseme juu ya glavu ya Kimanzi, maana kila kitu kimetoka hapo.

Glavu za dukani tunazo chache, na tuliwaachia wanaosimama karibu. Ya Kimanzi ilishonwa na fundi viatu wa soko, ngozi ya mbuzi iliyojazwa mkonge. Kwenye kiganja imekonda kama chapati ya kantini. Siku zangu za kwanza pale nilimtupia mpira mmoja kwa nguvu, akaudaka, akasema safi. Jumatatu yake nilipita barazani nikamkuta anajaribu kuingiza uzi kwenye sindano. Vidole vilikuwa vimevimba. Alijaribu, akajaribu, mwishowe akamwomba mteja amsaidie.

Hakulalamika, wala hakujua kwamba nilimwona.

Tangu siku ile nikaanza kumtupia kwa adabu. Mpira unatoka kwangu ukiwa mpole, unadunda chini mara moja, unamfikia kifuani kama kifaranga. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na hakuna aliyegundua. Mimi mwenyewe nilisahau kwamba kuna namna nyingine ya kutupa. Nilikuwa naujua mkono wangu kama mkono wa hivyo tu.

Sasa Jumamosi.

Nairobi kuna kiwanda cha rangi chenye timu. Ukichaguliwa unaandikwa kazi kiwandani, lakini kazi yenyewe ni kucheza. Unalipwa mshahara wa kusimama kwenye uwanja wa nje! Tulisikia kwamba kocha wao, Wafula, atakuja kutuangalia tukicheza na timu ya Wote. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa uwanja wa nje, si zaidi. Nina miaka ishirini na saba. Najua kabisa kwamba hakuna kocha mwingine atakayepotea njia hadi Kwa Vonza kabla sijapita umri, na najua kwamba nikibaki nitashona magunia hadi mgongo ukatae. Sioni aibu kuyasema. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikakosa hamu ya chakula wiki nzima.

Kocha alikuja. Mtu mnene, kofia ya majani, kiti chake mwenyewe cha kukunja. Alikaa chini ya mgunga akawa anakula karanga, haonyeshi chochote usoni. Nilidaka vizuri siku hiyo. Nilidaka mmoja nikiwa nimeupa uwanja mgongo. Kila nilipodaka nilimtazama kwa pembe ya jicho, na kila nilipotupa, alirudi kwenye karanga zake.

Tukafika raundi ya mwisho. Sisi tulikuwa tumemaliza kupiga na tulikuwa mbele kwa pointi moja. Wote ndio waliokuwa wakipiga, na watu wao wawili walikuwa wamesimama kwenye besi, wakingoja kukimbia. Mpigaji wao akaupiga mpira juu, ukaja kwangu.

Asiyejua mchezo aelewe jambo moja tu. Mpira ukidakwa hewani, mpigaji ametoka, lakini wale waliokuwa kwenye besi wanaruhusiwa kuanza kukimbia pale pale unapodakwa. Kwa hiyo kudaka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumtupia Kimanzi haraka ili amzuie anayekimbilia kwake.

Nikadaka. Yule wa karibu akaanza kukimbia. Kimanzi akainua glavu yake ya mbuzi.

Na hapo nikasikia nyuma yangu ule mvumo.

Mtu aliyekulia huku hahitaji kuelezwa. Ni kama mvua inayokuja juu ya majani, ila hakuna mvua. Nyuma ya ua wa uwanja kuna shamba la mtama, nimeliona msimu mzima likikua, mwenyewe ni bibi mmoja anayeishi peke yake. Nikageuka. Kwelea walikuwa wameshaanza kushuka, weusi tele, na bibi alikuwa mwisho wa shamba, hawezi kuwahi.

Mkono haukuniuliza. Nilipiga ukelele wa shambani, ule wa kutoka tumboni, nikautupa mpira katikati ya kundi kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo. Ulipita juu ya ua, ukapita juu ya mtama, ukapasua kundi, na ndege wote wakainuka kwa pamoja wakaenda zao.

Kwa muda mfupi sana nilikuwa na furaha.

Kisha nikakumbuka mechi. Nikageuka. Mkimbiaji wa kwanza wa Wote alikuwa ameshafika. Wa pili alikuwa anafika, tena anatembea, mikono kiunoni, anacheka hadi machozi. Tumeshindwa. Kimanzi alikuwa bado ameinua glavu.

Alikuja kwangu akitembea polepole, na hapo ndipo nilipojua amekasirika kweli, kwa sababu Kimanzi akikasirika kidogo hukimbia.

"Wewe Mutinda," akasema, "wewe unachezea nani? Sisi ama ndege?"

Wengine walinijibia, kwa maneno mengi, na siyaandiki hapa kwa sababu mama huokota karatasi zangu kuwashia moto na yeye husoma kwanza. Tulipokuwa tumesimama hivyo, wao wakinichambua na mimi nikitazama viatu vyangu, bibi mwenye shamba akajipenyeza katikati yetu. Mpira ulikuwa kwenye pindo la leso yake. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanitemea mate kidogo kifuani kama wazee wafanyavyo wanapokubariki, na akawaambia wenzangu kwamba hajawahi kuona timu iliyolelewa vizuri hivi.

Kimanzi alifunika uso wake kwa glavu.

Kocha Wafula alikuwa ameshaacha kiti chake. Akamwomba bibi amwonyeshe mpira ulipoangukia. Wakaenda wawili, bibi mbele, kocha nyuma akiinua miguu kupita kwenye matuta kwa zile suruali zake za mjini. Walipotea kwenye mtama. Aliporudi hakuwa na karanga tena.

"Kijana," akaniambia, "hiyo mkono umekuwa ukiificha wapi?"

Nikasema sikuwa nimeuficha.

"Mchezo mzima unatupa mpira kama mtu anapatia mama mtoto wake. Mimi nikasema huyu anadaka, lakini hana mkono. Nilikuwa nimeshakutoa kwa kichwa. Halafu unaenda kupiga ndege na mkono kama hiyo! Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Nikasema ni glavu ya nahodha, nikasema mikono yake ni ya cherehani. Nilidhani nasema jambo zuri.

Kocha akatikisa kichwa. "Kuja Nairobi Jumamosi inayokuja. Nitaweka mtu wangu kwa besi ya mwisho, na glavu ya maana. Ukimtupia vile umetupia ndege, tutaongea mambo ya kazi. Ukimtupia vile unatupianga huyu kapteni wako, nitakununulia soda moja baridi na urudi kwenu."

Hapo ndipo moyo ulipaswa kuruka. Na uliruka, nisidanganye. Lakini Kimanzi alikuwa amesimama pale pale na amesikia yote.

"Kwa hivyo miaka hii yote ulikuwa unanihurumia?" akauliza. Hakupaza sauti. "Mimi ni mtoto?"

Akaondoka. Nikabaki na ile sentensi yake. Nilikuwa nimeuona upole wangu kama heshima, hata nilikuwa najisifu kimoyomoyo kwa ajili yake. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutaka kuulizwa kwanza. Labda Kimanzi angechagua vidole vivimbe na timu ishinde. Labda angetafuta ngozi nyingine. Nilimwamulia mimi, kila Jumamosi, bila yeye kujua kuna uamuzi.

Nilitaka kwenda kwake Jumamosi ile ile lakini niliona aibu.

Jana asubuhi nikiwa nafunga mkoba kuja huku, kwa sababu wiki ya ndege huwa naomba ruhusa stoo na kumsaidia mama, Kimanzi akaja mlangoni kwangu amevaa tayari nguo za kanisa. Alikuwa ameshika mpira wa timu. Ule mmoja mzuri, tunaoufungia kwenye sanduku la cherehani yake na ambao hata mechi ya mazoezi hauguswi.

Akaninyooshea.

"Enda ufanye mazoezi," akasema. "Na uirudishe. Na usitupie ndege."

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini alikawia mlangoni kidogo kuliko ilivyohitajika, akauliza kama bega liko sawa. Kisha akasema atatafuta ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi ni ya wazee. Nikajua tutapatana. Kwa Kimanzi hiyo ndiyo hotuba ndefu ya msamaha.

(Kundi tena. Nimepiga kombeo mara kadhaa. Wamehamia kwa jirani, Mungu anisamehe.)

Sasa leo.

Nilipata usingizi kidogo, nikaamka na hamu. Nyuma ya shamba letu kuna kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mimi, cha udongo mwekundu. Nikaenda mbali nacho, umbali wa kutoka uwanja wa nje hadi kwa Kimanzi kwa kukadiria, nikatupa. Mpira ukaingia kwenye udongo na kukwama. Ilibidi niutoe kwa kijiti. Nikatupa tena, na tena. Mkono ulikuwa unafanya kazi kama mkono wa mtu mwingine, mtu ninayemwonea wivu. Nikaanza hata kujiona nimepanga chumba Nairobi.

Halafu nikafikiria kwamba Jumamosi hakutakuwa na kichuguu. Atakuwa mtu. Nikachomeka kijiti mbele ya kichuguu, nikakivalisha shati langu, nikarudi mbali.

Nikatupa. Mpira ukatoka mpole, ukadunda mara moja, ukalifikia shati kifuani kama kifaranga.

Nikajaribu tena. Kifaranga.

Nikajiapiza, nikajitukana kwa Kikamba na Kiswahili na kile Kiingereza nilicho nacho. Nikatupa. Kifaranga! Nililihurumia shati, shati lisilo na mtu ndani yake. Nikacheka peke yangu pale juani, halafu kicheko kikaisha nikataka kulia, kwa sababu nilielewa. Adabu imeingia kwenye mfupa. Kocha ataniona nikimtupia mtu wake kifaranga, ataninunulia soda moja baridi, na mimi nitainywa na kurudi kushona magunia.

Sikumsikia mama akija. Alikuwa amesimama ukingoni mwa mtama na karai lake kichwani, lile la chuma analopepetea ndengu na ambalo pia huligonga kwa mti kufukuza ndege. Sijui alikuwa ameangalia kwa muda gani. Mama yangu haulizi maswali mengi. Alimzika baba, akalima shamba hili peke yake, na mambo mengi huyaelewa kwa kuyaangalia tu.

"Hiyo shati imekukosea nini," akasema, "na ni wewe uliinunua?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, ndege wa Kwa Vonza, Kimanzi, kocha, soda. Alicheka nilipofika kwa bibi wa mtama, akasema huyo mwanamke ana akili. Akaenda kwenye kichuguu, akakitoa kijiti na shati, akakunja gunia mara mbili, akaliweka kifuani, na mbele ya gunia akalishika karai kwa mikono yote miwili. Akasimama mahali pa shati.

Nikamwambia, "Mwaitu, toka hapo." Mwaitu ndilo jina tunalowaita mama zetu.

Hakutoka.

Nikamwambia mpira huo unavunja mbavu. Akasema mbavu ni zake. Nikamwambia sitatupa. Akasema basi tutasimama hapo wote wawili hadi kwelea wamalize mtama, na mimi ndiye nitakayewaeleza wajomba tutakula nini.

Nikatupa. Ulidunda chini, ukagonga karai kwa upole, ting.

Aliliteremsha karai akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nimelala juu ya dungu.

"Hivyo ndivyo unafukuzanga ndege?" akauliza.

Nikatupa tena, kwa nguvu kidogo zaidi. Ting.

Hapo akasema maneno ambayo nimeyabeba mchana kutwa. Aliyasema kwa Kikamba, na kwa Kiswahili yanapungua, lakini ni haya:

"Mutinda. Mimi si ndege, siwezi kuruka niende. Nimekuja hapa nikijua unatupa. Sasa tupa."

Nimewaza sana kwa nini hayo yalifanya kazi na matusi yangu hayakufanya. Nafikiri ni kwa sababu alikuwa ameshachagua. Kimanzi sikumpa nafasi ya kuchagua. Mama hakuniomba nafasi hiyo, aliichukua mwenyewe na kusimama nayo. Na yeye ndiye aliyenifundisha kutupa, hapa hapa, akinishika kiwiko na kunionyesha wakati wa kuachia kombeo. Mkono huu ni wake kuliko ulivyo wangu.

Nikarudi nyuma. Nikapumua. Nikatupa.

Sikuuona mpira. Niliona tu mama ameketi chini, miguu imenyooka mbele, vumbi limemzunguka, na sauti ya chuma ikienda hadi ng'ambo ya mto. Mbwa wa majirani wote walianza kubweka. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia uwanjani, nikidhani nimemuua mama yangu kwa ajili ya kazi ya kiwanda cha rangi.

Alikuwa anacheka. Leso imemwangukia usoni, anacheka hadi hawezi kusema. Nikampapasa mabega, mikono, nikauliza anaumwa wapi. Akanisukuma.

"Ndiyo hiyo," akasema alipopata pumzi. "Sasa rudi kule."

Nikamwambia inatosha.

"Rudi kule. Huyo mtu wa Nairobi atataka moja tu?"

Tulitupa hadi jua likawa juu kabisa. Si mitupo yote iliyokuwa mizuri. Kuna vifaranga vilivyorudi, na kila kifaranga kilipotokea alilalamika kwa sauti kubwa, majirani wakatoka kuangalia. Yule mzee wa jiwe alikuja akasimama kando na bakora yake, akatazama mtu mzima mwenye ndevu akimtupia mama yake jiwe, akaondoka zake. Najua leo jioni ataeneza habari hii soko zima la Kyuso. Aeneze. Nilipochekwa Kwa Vonza nilikuwa peke yangu, na hapa tutachekwa wawili.

Sasa ni alasiri. Bega linauma, kama nilivyosema. Mpira wa Kimanzi uko hapa kando yangu, umepata mkwaruzo mmoja ambao itabidi nimweleze. Sijawatupia ndege. Natumia kombeo.

Naogopa bado. Huenda Jumamosi, mbele ya mtu nisiyemjua, mkono ukarudi kwenye tabia yake. Huenda yuko mwingine mwenye mkono bora na miaka michache. Sijioni nimeshafika. Lakini kwa mara ya kwanza tangu shule najua kwamba nilichokuwa nacho siku zote si kile nilichodhani ninacho, na hilo limenipa hamu ya chakula. Nimekula isyo sahani mbili, mahindi na maharagwe ya jana, yaliyopashwa moto.

Mama yuko chini kule mwisho wa shamba, anafukuza ndege kwa karai. Limebonyea katikati vibaya, na sauti yake imebadilika, imekuwa nzito. Nilimwambia nikipata mshahara wa kwanza nitamletea jipya. Akasema hataki, hili sasa linatisha ndege vizuri zaidi.

Kisha akaniuliza jaribio la Jumamosi litakuwa saa ngapi. Nikamwambia saa nne asubuhi.

Akasema saa nne Jumamosi atakuwa amesimama pale mbele ya kichuguu, gunia kifuani, karai mkononi, ameelekea Nairobi. Nikamwambia Nairobi ni mbali, mpira hauwezi kufika. Nikamwambia watu watamwona ni kichaa.

Akasema hiyo ni shauri yake. Mimi nikimwona mtu wa kocha amesimama kwenye besi ya mwisho, nijue ni yeye, na nitupe.

Nitatupa.